Pampu Inayojua Kuacha: Teknolojia ya Insulini na Usiku wa Mgonjwa wa Kisukari katika Nyanda za Juu Kusini

Chukua mfano wa mama anayeuza viazi katika soko la Soweto, jijini Mbeya. Amekuwa na kisukari cha aina ya kwanza tangu usichana wake. Kila jioni saa 1 hujidunga insulini ya mchanganyiko, hula ugali na maharage, kisha saa 3 hulala, maana saa 10 alfajiri anatakiwa awe sokoni kupokea magunia. Kati ya saa 5 na saa 9 usiku, wakati nyumba nzima imelala, ile sehemu ya insulini iliyotengenezwa ifanye kazi polepole hufikia kilele cha nguvu zake. Chakula cha jioni kimekwisha kusagwa, na hakuna kingine kinachoingia tumboni. Sukari katika damu inateremka. Akiwa na bahati, mama huyu huamka ameloa jasho, moyo ukimwenda mbio, akapapasa gizani kutafuta kopo la sukari. Asipokuwa na bahati, mtoto anayelala naye ndiye anayeamka kwa kusikia mama akikoroma kwa namna isiyo ya kawaida, na akimtikisa haitiki.

Habari hii mara nyingi haifiki kliniki. Kesho yake jioni mama atafanya jambo ambalo kwa macho yake ni la busara: atapunguza insulini, au ataiacha kabisa. Mwisho wa mwezi kipimo kitaonyesha sukari ya milimoli 16 kwa lita, naye ataambiwa kwamba hafuati masharti. Kumbe anayo masharti yake anayoyafuata kwa uaminifu mkubwa, na la kwanza kati ya hayo ni kuiona asubuhi.

Makala haya yanaeleza teknolojia iliyobuniwa kwa ajili ya saa hizo za usiku hasa: pampu ya insulini inayojiendesha kwa kufuata kiwango cha sukari mwilini. Ni kifaa ambacho wagonjwa wengi wa Mbeya na Iringa hawajawahi kukiona. Hata hivyo kukielewa kuna faida kwa mhudumu wa afya na kwa mgonjwa, kwa sababu kila kazi inayofanywa na mashine hiyo ni jibu la kasoro fulani ya sindano, na baadhi ya majibu hayo yanaweza kutolewa hata pale ambapo mashine haipo.

Kwa nini sukari hushuka

Katika mwili usio na kisukari, kongosho hutoa insulini kidogo kidogo mchana na usiku, na huongeza kiasi hicho baada ya chakula. Lililo muhimu zaidi kwa mada hii ni kwamba kongosho linajua pia kuacha. Sukari inapoanza kuteremka, hatua ya kwanza ya kinga ni kusitisha insulini. Ya pili ni homoni ya glukagoni, ambayo huliamuru ini kufungua ghala lake la sukari. Ya tatu ni adrenalini, inayoleta kutetemeka, jasho, njaa na mapigo ya moyo ya kasi; huo ni mwili unaopiga kelele ili mwenyewe atafute chakula.

Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kinga hizi huanguka moja baada ya nyingine. Insulini iliyodungwa haiwezi kusitishwa. Ikishaingia chini ya ngozi itafanya kazi mpaka iishe, awe amekula au hajala. Glukagoni hupoteza uwezo wa kuitikia kushuka kwa sukari ndani ya miaka michache ya ugonjwa. Inabaki adrenalini, nayo huchoka: mtu ambaye sukari yake hushuka mara kwa mara huzoea hali hiyo, na dalili hupungua hadi akawa hazihisi tena. Huyo ndiye aliye katika hatari kubwa kuliko wote, maana anaweza kupita kutoka kwenye mazungumzo ya kawaida hadi kupoteza fahamu bila kituo cha katikati. Habari njema ni kwamba hali hii hurekebika. Akikingwa asishukiwe na sukari kwa wiki kadhaa, dalili zake za tahadhari huanza kurudi.

Kwa vipimo, sukari iliyo chini ya milimoli 3.9 kwa lita, yaani miligramu 70 kwa desilita, inahesabiwa kuwa imeshuka na inahitaji kutibiwa. Ikiwa chini ya milimoli 3.0, sawa na miligramu 54, ubongo wenyewe umeanza kukosa chakula. Ikimfikisha mgonjwa mahali ambapo hawezi kujisaidia bila mtu mwingine, hiyo ni dharura, hata kama hakuna aliyekuwa na kipimo cha kuandika namba.

Nyanda za Juu Kusini zina mitego yake. Mbeya ipo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Iringa ni zaidi ya mita 1,500. Asubuhi za Juni na Julai kila mtu anatetemeka, kwa hiyo mtetemeko wa sukari iliyoshuka hupita bila kutiliwa shaka; jasho ndilo linalotenganisha, kwa kuwa hakuna anayetokwa na jasho jingi kwa baridi. Anayeongea maneno yasiyoeleweka na kuyumba barabarani huambiwa amelewa. Anayepiga kelele na kurusha mikono usiku huombewa, au hupelekwa kwa mganga, kabla ya yeyote kufikiria kumwekea sukari mdomoni. Mtoto anayepata degedege hutibiwa malaria, na malaria kali yenyewe hushusha sukari, hivyo kuwa na vimelea katika damu hakuondoi sababu ya kupima sukari.

Njia panda iliyodumu miaka mingi

Insulini ilitenganishwa mwaka 1921 mjini Toronto, Kanada, na Januari 1922 kijana Leonard Thompson, mwenye umri wa miaka 14, akawa wa kwanza kutibiwa nayo. Kuanzia hapo kisukari cha aina ya kwanza kikaacha kuwa hukumu ya kifo kwa yule anayeipata dawa hiyo. Lakini swali la kiasi gani kitolewe halikuisha. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Kanada na kutangazwa mwaka 1993, ukihusisha wagonjwa 1,441, ulithibitisha kwamba kudhibiti sukari kwa ukaribu hulinda macho, figo na mishipa ya fahamu. Utafiti huohuo ulionyesha gharama yake: waliodhibitiwa kwa ukaribu walipatwa na kushuka kukali kwa sukari takriban mara tatu zaidi ya wenzao.

Hapo ndipo ilipo njia panda ya mama wa Soweto. Akiiacha sukari juu, analala salama usiku huu na kupoteza macho baada ya miaka kadhaa. Akiishusha, anayalinda macho na kuuhatarisha usiku. Mgonjwa yeyote anayehisi hofu hiyo amekielewa vizuri kisukari chake, na mhudumu anayemkaripia angefanya vyema kumuuliza kwanza: usiku hulala vipi?

Mashine inavyofanya kazi

Mfumo wa insulini unaojiendesha una sehemu tatu. Ya kwanza ni kihisi, uzi mwembamba unaokaa chini ya ngozi ya mkono au tumbo na kupima sukari katika maji yaliyo baina ya seli. Hutuma kipimo kila baada ya dakika 5 hivi, yaani karibu vipimo 288 kwa siku, na kihisi kimoja hudumu siku 7 hadi 15 kutegemea aina. Ya pili ni pampu yenye hifadhi ya insulini ya haraka, inayoipenyeza kwa matone madogo kupitia mrija laini unaobadilishwa kila baada ya siku 2 au 3. Ya tatu ni programu ya hesabu iliyomo ndani ya pampu au katika simu, nayo ndiyo akili ya mfumo wote.

Programu hiyo haisubiri sukari ishuke. Inatazama mwelekeo wa vipimo vilivyotangulia na kukadiria sukari itakuwa wapi, kwa kawaida nusu saa mbele. Ikiona kwamba kiwango kinateremka kuelekea hatarini, inapunguza matone ya insulini au kuyasimamisha kabisa. Hatari ikipita, inayarudisha. Ikiona kinapanda, inaongeza. Kwa maneno mengine, pampu imerudishiwa ule uwezo ambao sindano haikuwahi kuwa nao, uwezo wa kuacha. Na endapo kusimamisha insulini hakutoshi, kengele hulia ili mgonjwa aamke na kula kitu kitamu.

Wazo hili si geni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Arnold Kadish wa Los Angeles alitengeneza mashine ya namna hiyo, ila ilikuwa na ukubwa wa mzigo wa kubebwa mgongoni. Ilichukua nusu karne kuifanya itoshe mfukoni. Hatua ya kwanza iliyowafikia wagonjwa majumbani ilikuwa pampu zinazojizima sukari ikifika kiwango cha chini kilichopangwa. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya majaribio ya miezi mitatu yaliyohusisha wagonjwa 247 nchini Marekani: matukio ya sukari kushuka usiku yalipungua kwa karibu theluthi moja, bila wastani wa sukari wa muda mrefu kupanda. Septemba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mfumo wa kwanza unaopunguza na pia kuongeza insulini wenyewe, MiniMed 670G. Majaribio mengine ya miezi sita, yaliyochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha watu 168, yalionyesha kwamba mfumo kama huo humwongezea mtumiaji zaidi ya saa 2 kila siku ambazo sukari yake ipo katika kiwango kinachotakiwa, huku muda wa sukari kuwa chini ukipungua pia. Yale mambo mawili yaliyokuwa yakivutana tangu 1993 yalianza kwenda pamoja. Huko Uingereza, Desemba 2023 taasisi inayotoa miongozo ya tiba iliridhia mifumo hii itolewe kupitia huduma ya afya ya taifa.

Ipo sehemu ya historia hii ambayo inafaa kusimuliwa polepole. Dana Lewis, Mmarekani mwenye kisukari cha aina ya kwanza, alikuwa akiishi peke yake na kulala usingizi mzito. Kihisi chake kilikuwa na kengele, lakini ilikuwa na sauti ndogo mno na haikumwamsha. Mwaka 2013, yeye na Scott Leibrand, ambaye baadaye alikuwa mume wake, walianza kwa kutengeneza kengele yenye sauti kubwa zaidi, iliyoweza pia kumjulisha mtu mwingine kwa mbali. Kutoka kwenye kengele walisonga hadi kukadiria mwelekeo wa sukari, na kutoka hapo hadi kuiongoza pampu yenyewe. Mwaka 2015 waliutangaza mradi wa OpenAPS, wakitoa maelezo hadharani ili wagonjwa wengine wajitengenezee. Teknolojia iliyobadilisha maisha ya maelfu ya watu ilianza na tatizo ambalo kila nyumba ya Soweto inaweza kulielewa: nani ataniamsha?

Mipaka ya mashine

Mashine hii haimpumzishi mgonjwa kabisa. Mifumo mingi humtaka aiarifu kabla ya kula na kukadiria wanga uliomo katika chakula. Akisema sahani mbili za wali na kula moja, pampu itakuwa imekwisha kutoa insulini ya sahani ya pili, na kusimamisha matone hakuondoi kilichokwisha kuingia. Kihisi hupima maji ya baina ya seli, nayo huchelewa nyuma ya damu kwa dakika kadhaa, hasa sukari inapobadilika kwa kasi. Ndiyo maana mtu anayehisi dalili za kushuka anapaswa kuamini mwili wake, apime kidoleni au ale kwanza.

Hatari iliyo kubwa kuliko hizo haionekani mpaka kitu kikatike. Pampu hutumia insulini ya haraka peke yake. Hakuna akiba ya insulini ya muda mrefu chini ya ngozi. Mrija ukiziba au betri ikiisha, au vifaa vya kubadilisha visipopatikana, mgonjwa hubaki bila insulini kabisa na anaweza kuingia katika sumu ya ketoni ndani ya saa chache. Kwa sababu hiyo pampu iliyoletwa kama zawadi na ndugu aliye nje ya nchi, ikiwa na mirija ya miezi miwili tu na bila mtaalamu wa kuiangalia, ni hatari kuliko sindano mbili kwa siku. Hili linahitaji kusemwa wazi, kwa sababu zawadi huwa vigumu kukataa. Anayeipokea ahakikishe kwanza kwamba ana insulini ya muda mrefu na sindano nyumbani, na kwamba anajua vipimo vyake vya kurudia.

Kinachowezekana kwa mikono

Mashine hufanya mambo matatu: hupima mara nyingi, huondoa insulini isiyohitajika, na huamsha aliyelala. Yote matatu yana toleo lake la kawaida.

Kupima ndio mwanzo. Penye stripu chache, zisitumike zote saa ileile ya asubuhi. Stripu moja ya kabla ya kulala na moja ya saa 9 usiku, kwa siku tatu mfululizo, humweleza daktari mambo ambayo vipimo 30 vya asubuhi haviwezi kumweleza. Sukari ya asubuhi iliyo juu inaweza kuwa na chanzo cha usiku mzima wa insulini kidogo, au cha mwili kuamka mapema na kutoa homoni zinazoipandisha, au cha chakula alichokula mgonjwa gizani baada ya sukari kushuka. Kuongeza insulini ya jioni bila kujua ni kipi kati ya hivyo ni kucheza na moto. Katika miezi ya baridi, kipima sukari na stripu zake viwekwe mahali penye joto, hata ndani ya koti, kwani vipima vingi havifanyi kazi vizuri chini ya nyuzi 10 za sentigredi. Vivyo hivyo insulini isilazwe mahali inapoweza kuganda usiku wa barafu katika maeneo kama Makete na Mufindi. Iliyoganda hutupwa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

Kuondoa insulini isiyohitajika kwa sindano ni kupanga mapema kile ambacho pampu hupanga kila dakika 5. Siku ya kulima, kubeba magunia au kutembea mwendo mrefu, misuli hutumia sukari kwa wingi, na huendelea kuivuta usiku unaofuata ili kujaza akiba yake. Kwa hiyo aliyelima mchana kutwa huhitaji insulini pungufu jioni hiyo au chakula cha ziada kabla ya kulala, na kiasi hicho kikubaliwe kliniki kabla msimu haujaanza. Sukari ikishuka bila sababu inayojulikana, dozi iliyohusika hupunguzwa, kwa kawaida kwa asilimia 10 hadi 20. Mhudumu aangalie pia figo: figo zinapodhoofika, insulini hukaa mwilini muda mrefu, na dozi iliyomfaa mgonjwa mwaka jana huwa nyingi mwaka huu. Wazee wanaotumia vidonge vya glibenklamidi wako katika hatari hiyohiyo, ingawa hawadungi chochote.

Pombe inahitaji aya yake. Katika Iringa na Njombe, msimu wa mvua ni msimu wa ulanzi, na watu wengi huamini kwamba kwa kuwa ni mtamu hauwezi kushusha sukari. Ulanzi mbichi, mtogwa, kweli huipandisha kwanza. Lakini unapochacha na kuwa mkangafu, sukari yake hugeuka kileo, na kileo hulizuia ini kutengeneza sukari mpya. Mtu aliyekunywa jioni bila kula vya kutosha, akiwa na insulini mwilini, anaweza kushukiwa na sukari saa nyingi baadaye akiwa usingizini, na harufu iliyo kinywani itawafanya nduguze wamwache alale mpaka pombe imtoke. Ikiwa atakunywa, anywe kidogo na chakula, apime kabla ya kulala, na aliye nyumbani ajue.

Na kuamsha. Hapa hakuna kifaa kinachomshinda mtu. Mgonjwa amchague mtu mmoja anayelala karibu naye, awe mume, dada au binti aliyekwisha pata akili, naye afundishwe pamoja na mgonjwa kliniki, si kuhadithiwa. Kwa wanafunzi wa bweni, matroni na mwenzake wa kitanda cha jirani wajue, na sukari ikae mahali isipofungiwa. Simu ya kawaida yenye kengele ya saa 9 usiku, katika zile siku tatu za kupima au usiku wa baada ya kazi nzito, ni ndugu wa kengele ile ya Dana Lewis.

Sukari ikishashuka

Mgonjwa mwenye fahamu na anayeweza kumeza apewe gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vya chai 4 vya sukari iliyosawazishwa, vikorogwe katika maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, isiyo ile isiyo na sukari. Apimwe baada ya dakika 15, na ikiwa bado ipo chini ya 3.9 arudiwe. Ikishapanda, ale chakula cha wanga ikiwa mlo unaofuata uko mbali. Chapati au kiazi pekee hakifai kwa kuanzia, kwa sababu huchelewa, na maziwa yenye mafuta vilevile. Kama hakuna kipimo na dalili zipo, atibiwe tu. Kijiko cha sukari kisichohitajika hakimwui mtu.

Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote. Alazwe ubavu, njia ya hewa iwe wazi, apelekwe kituo cha afya mara moja. Kwa mtoto, wakati usafiri unatafutwa, kijiko cha chai cha sukari kilichodondoshewa matone mawili ya maji huwekwa chini ya ulimi, na kurudiwa kila kinapoyeyuka. Njia hii imo katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuwahudumia watoto hospitalini.

Kituoni, mtoto hupewa glukosi ya asilimia 10 kwa mshipa, mililita 5 kwa kila kilo ya uzito. Mtu mzima mililita 150 hadi 200 za glukosi hiyohiyo. Zahanati yenye chupa za asilimia 50 tu inaweza kuchanganya sehemu 1 ya glukosi hiyo na sehemu 4 za maji ya sindano. Glukosi ya asilimia 50 bila kuchanganywa huunguza mishipa na ikivuja huharibu nyama. Mgonjwa aliyeshukiwa na sukari kwa sababu ya glibenklamidi asiruhusiwe kwenda nyumbani kwa kuwa tu ameamka na kuomba chai: vidonge hivyo humshusha tena, na anahitaji kuangaliwa kwa angalau saa 24. Kosa jingine la kutafutwa ni sindano. Insulini ya yuniti 100 kwa mililita ikivutwa kwa bomba la yuniti 40 hadi kwenye namba ileile, mgonjwa hupata mara mbili na nusu ya dozi yake. Bomba la yuniti 100 kwa kawaida lina kifuniko cha rangi ya chungwa, na la yuniti 40 kifuniko chekundu. Mgonjwa aje na bomba lake kliniki, lionekane.

Kihisi kabla ya pampu

Kama teknolojia hii itaingia Nyanda za Juu Kusini kwa mpangilio, kihisi kinastahili kutangulia. Pampu humfaa mmoja na humtaka ugavi usiokatika maisha yake yote. Kihisi kinaweza kuvaliwa kwa wiki mbili, kikaonyesha usiku 14 ambao hakuna aliyewahi kuuona, kisha dozi ikarekebishwa na mgonjwa akaendelea na sindano zake. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, katika wilaya ya Neno nchini Malawi, wagonjwa 42 wa kisukari cha aina ya kwanza walishirikishwa katika majaribio ya miezi mitatu kuona kama vihisi vinaweza kutumika katika hospitali za vijijini, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba inawezekana. Mkakati wa PEN-Plus, ulioridhiwa na nchi za Afrika wanachama wa Shirika la Afya Duniani mjini Lomé mwaka 2022, na kujadiliwa katika mkutano wa kwanza wa Afrika uliofanyika Dar es Salaam Aprili 2024, unalenga kuzishusha huduma za kisukari cha aina ya kwanza hadi hospitali za wilaya. Stripu na vihisi vina nafasi yake humo, na stripu zinatangulia. Miradi inayowapa watoto vifaa bila malipo ina ukomo wa umri, na kijana anayevuka umri huo hujikuta akinunua mwenyewe kila kipimo, katika miaka ileile anayoanza kazi za shamba, safari na pombe.

Mama wa Soweto, kwa sasa, hana kihisi. Lakini akipewa stripu 6 na kuulizwa habari za usiku, ataonyesha sukari ya milimoli 9 wakati wa kulala na milimoli 2.8 saa 9 usiku, na picha imekamilika. Insulini yake ya mchanganyiko inaweza kutenganishwa: ya muda mfupi ibaki na ugali wa saa 1, ile ya polepole isogezwe hadi saa 3 anapolala na ipunguzwe kidogo, ili sehemu kubwa ya kilele chake imkute anakaribia kuamka. Kopo la sukari likae kichwani pa kitanda, na binti yake aje naye kliniki siku ya kurudi, wiki mbili baadaye, akiwa na daftari la vipimo.